PSPP kwa data za dodoso: ya bure, nyepesi, na mahali pa kuichunga

Karibu na vyuo vingi hapa kwetu hakukosekani steshenari yenye tangazo mlangoni: kutoa kopi, kufunga vitabu, SPSS. Anayeingia hapo ana madodoso 384 au 399 kwenye begi na tarehe ya kuwasilisha tasnifu imemkaribia. Programu itakayomhudumia mara nyingi ni SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, iliyokrakiwa na kuletwa na flashi ambayo haijulikani imepita wapi. Na wakati huohuo PSPP ipo: ya bure, halali, haina leseni inayoisha, na inafungua mafaili yaleyale ya data ya .sav.

Tumeipima hapa toleo la 2 kwa kazi moja tu, uchambuzi wa kawaida wa data za dodoso katika utafiti wa jamii. Hukumu tunaitoa mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Kwa majedwali, asilimia, wastani, kai-mraba (kipimo cha kama mambo mawili yana uhusiano), jaribio la t (la kulinganisha wastani wa makundi mawili) na regresheni ya kawaida, PSPP inatosha. Kwa data zenye uzito (namba inayosema kila mhojiwa anawakilisha wangapi) zilizokusanywa kwa sampuli ya vituo (vijiji au mitaa kwanza, kaya baadaye), kama tafiti za kitaifa za kaya, itakupa asilimia sahihi na thamani za p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) zisizo sahihi, tena kimyakimya. Hilo la pili ndilo limekula nafasi kubwa ya tathmini hii.

Kuisakinisha na kuingiza data

PSPP ni mradi wa GNU ulioanzishwa na Ben Pfaff miaka ya 1990. Amri zake zimefuata za SPSS, kwa hiyo faili la amri la .sps aliloacha mtafiti wa zamani kwenye idara yenu lina nafasi kubwa ya kwenda bila kuguswa. Kwenye Ubuntu inaingia kwa `sudo apt install pspp`. Windows ina kisakinishi chake. Ikishaingia haidai mtandao, na kompyuta mpakato iliyochoka haitatokwa jasho kwa dodoso la watu elfu mbili. Sura yake ni ileile: kichupo cha Data View, kichupo cha Variable View, dirisha la matokeo pembeni. Aliyezoea SPSS hapotei njia.

Kero ya kwanza inakuja mapema: PSPP haisomi .xlsx. Faili la Excel lihifadhi kwanza kama CSV au ODS, kisha pitia File, Import Data. Hapo itakuuliza mstari wa kwanza una majina ya vigeu (yaani safu za majibu, kama umri au kipato) au la, na alama inayotenganisha safu. Usibonyeze mbele haraka. Ukurasa wa mwisho unaonyesha kila kigeu kimetambuliwa kuwa namba au maandishi, na ndipo matatizo yanapoonekana. Mdadisi mmoja akiandika kipato "150,000/=" badala ya 150000, au "sijui" kwenye safu ya umri, safu nzima inaweza kuingia kama maandishi. Wastani wake haukokotoleki, na kigeu hicho hakitaonekana hata kwenye orodha ya kuchagua. Rudi kwenye jedwali la asili, safisha, ingiza upya. Ukiigeuza aina ya kigeu ukiwa ndani ya Variable View bila kuangalia, yale maandishi yasiyosomeka kama namba yatageuka kuwa nafasi tupu na hutajua yalikuwa mangapi.

Wanaokusanya data kwa KoboToolbox, programu ya kujazia madodoso kwa simu, wana njia nyepesi zaidi. Toa data kama CSV yenye thamani za XML (yaani kodi, alama fupi zinazosimama badala ya majibu, si maneno ya maswali), halafu toa pia faili la lebo za SPSS ambalo Kobo yenyewe inalitengeneza. Fungua faili hilo la amri ndani ya PSPP, bonyeza Run, All, na kodi 1 na 2 zitapata majina yao. Angalia tu majina ya vigeu. Swali lililo ndani ya kundi hutoka na jina kama `kaya/umri`, na mkwaju (/) haukubaliki katika jina la kigeu. Zima majina ya makundi kabla ya kutoa data.

Usafi wa data: hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoharibikia

Dodoso zuri lina kodi za kukosa jibu: 98 alikataa, 99 hajui. Kwa programu, hizo ni namba kama namba nyingine mpaka uiambie vinginevyo:

`MISSING VALUES umri kipato_kundi (98, 99).`

Nafasi ya kodi mojamoja ni tatu tu kwa kila kigeu. Ukihitaji zaidi, tumia masafa, kwa mfano `(97 THRU 99)`. Na kila amri iishe kwa nukta. Ukiisahau, PSPP inaweza kuunganisha amri hiyo na inayofuata, kisha ikakulalamikia kosa lililo mstari wa chini ambao hauna kosa lolote. Mwanafunzi anaweza kulikodolea macho jambo hilo kwa dakika arobaini.

Mtego mkubwa uko kwenye RECODE, amri ya kubadilisha kodi. Tuseme unapanga umri katika makundi:

`RECODE umri (15 THRU 24=1) (25 THRU 34=2) (35 THRU HI=3) INTO rika.`

Inaonekana safi, lakini ina matundu mawili. La kwanza, HI maana yake namba kubwa kuliko zote zilizopo, na hiyo inajumuisha 98 na 99 hata kama umeshazitangaza kuwa ni za kukosa. Waliokataa kutaja umri wamekuwa wazee. Dawa ni kutanguliza `(MISSING=SYSMIS)`, yaani za kukosa zigeuke nafasi tupu, kwa sababu RECODE inafuata masharti kwa mpangilio na likishashika la kwanza haiendi mbele. Tundu la pili ni umri uliokokotolewa kutoka tarehe ya kuzaliwa. Mtu wa miaka 24.6 hayumo katika 15–24 wala katika 25–34, kwa hiyo anadondoka na kuwa nafasi tupu. Mpunguze kwanza kwa `COMPUTE umri = TRUNC(umri).`

Na usisahau INTO. Bila hiyo, RECODE inaandika juu ya kigeu cha asili. Ukihifadhi faili baada ya hapo, miaka halisi ya watu imekwenda, umebaki na 1, 2 na 3.

Baada ya usafi endesha FREQUENCIES kwa kila kigeu bila kuruka hata kimoja. Jedwali lina safu mbili za asilimia ambazo watu huzichanganya. Chukua wahojiwa 400, waliojibu ndiyo 170, hapana 170, sijui 60. Safu ya Percent itasema ndiyo ni asilimia 42.5, safu ya Valid Percent, kama "sijui" imetangazwa kuwa ya kukosa, itasema asilimia 50. Zote mbili ni kweli. Kwa swali la "una choo?" tumia ya pili. Kwa swali la "unaiamini serikali ya mtaa?", mtu anayesema hajui ametoa jibu, na kumfuta ni kumziba mdomo. Vyovyote utakavyochagua, andika chini ya jedwali.

Jedwali la vigeu viwili, kwa karibu

Kazi inayofanywa zaidi ya zote ni kulinganisha makundi mawili, na hapa PSPP inafanya vizuri. Mfano wa kufundishia: watu 400, wa kijijini 240 na wa mjini 160. Swali: umewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara mwaka huu? Vijijini wamesema ndiyo 96, mjini 88.

`CROSSTABS /TABLES=makazi BY mkutano`
`/CELLS=COUNT ROW EXPECTED`
`/STATISTICS=CHISQ PHI.`

Umeomba asilimia za mlalo (ROW) kwa sababu makazi yamekaa kwenye milalo na ndiyo unayodhani yanaathiri jibu. Unapata asilimia 40 vijijini na asilimia 55 mjini. Ukiomba COLUMN utapata kwamba asilimia 47.8 ya waliohudhuria ni wa mjini. Namba hiyo si ya uongo, ila inajibu swali jingine kabisa, na mtu akiisoma haraka ataelewa kwamba watu wa mjini wanahudhuria kidogo kuliko wa vijijini. Kosa hili linaonekana hata kwenye ripoti zilizochapishwa kwa karatasi ya kung'aa.

EXPECTED inakuonyesha hesabu zingekuwaje kama makazi hayana uhusiano na jibu: 110.4 na 129.6 vijijini, 73.6 na 86.4 mjini. Kila chumba cha jedwali kimepishana na tarajio kwa 14.4. Chukua mraba wa tofauti hiyo, gawa kwa tarajio la kila chumba, jumlisha vinne: kai-mraba ni 8.70, digrii huru 1, thamani ya p kama 0.003. Ikague hesabu hii kwa kikokotoo mara moja maishani. Baada ya hapo jedwali la matokeo halitakutisha tena.

Tunaomba EXPECTED kila mara kwa sababu nyingine. Kai-mraba huanza kuyumba matarajio yakishuka chini ya 5, na jambo hilo ni la kulitazama kwa macho yako. Ukiwa na makundi sita ya kabila kwa viwango vitano vya kuridhika kutoka watu 120, una vyumba 30 na wastani wa watu wanne kwa chumba. Unganisha makundi kwanza, kwa mantiki ya utafiti na si kwa kutafuta p ndogo.

PHI inakuambia uhusiano una nguvu kiasi gani: hapa ni 0.15, dhaifu. Thamani ya p na nguvu ya uhusiano ni vitu viwili, na tasnifu nyingi zinataja kimoja tu. Pia, p ikitokea .000 haina maana ya sifuri. Andika p < 0.001.

Uzito, na kosa la milioni

Sasa tuingie kwenye data kubwa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa 2022 ulihoji wanawake 15,254 wa miaka 15 hadi 49. Sampuli yake ilipangwa kwa vituo 629, kaya 26 kila kituo, ikigawanywa kwa mikoa yote ya Bara na Zanzibar. Zanzibar ina watu wachache lakini imepewa sampuli kubwa kuliko sehemu yake, ili mikoa yake iweze kutolewa takwimu zenyewe. Bila uzito, kila wastani wa taifa utaelemea Visiwani.

Uzito wenyewe uko kwenye kigeu `v005`, na umehifadhiwa bila nukta ya desimali: 1.250000 imeandikwa 1250000. Lazima ugawe:

`COMPUTE uzito = v005/1000000.`
`WEIGHT BY uzito.`

Anayeandika `WEIGHT BY v005` moja kwa moja atapata asilimia sahihi kabisa, maana asilimia hazijali ukubwa wa kipimo. Ndiyo maana kosa linajificha. Lakini PSPP inaamini sasa ina wanawake bilioni 15 na ushei. Kila kai-mraba imezidishwa mara milioni moja; tofauti ya nukta moja ya asilimia kati ya mikoa miwili itatokea na p ya .000. Dalili ya haraka ni kutazama N chini ya jedwali: ikiwa na tarakimu kumi na moja, simama.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye N. Hata ukigawa kwa milioni, PSPP (na SPSS ya msingi pia, tusiwaonee) inauchukulia uzito kama idadi ya marudio: mwenye uzito 2 ni kana kwamba watu wawili walihojiwa wakajibu sawasawa. Kwa asilimia na wastani hakuna ubaya. Kwa kosa sanifu, pambizo la makosa na p ni kosa, kwa kuwa uzito wa sampuli unasema mtu huyu anawakilisha wangapi, hausemi umehoji wangapi. Kwenye jedwali, kwa kundi dogo kama mkoa mmoja, utaona N yenye uzito imepishana sana na watu waliohojiwa kweli. Kwenye ripoti weka zote mbili: asilimia zenye uzito, na idadi ya wahojiwa isiyo na uzito. Na usitoe asilimia pale ambapo wahojiwa halisi ni chini ya 25. Kati ya 25 na 49 iweke kwenye mabano. Ripoti za DHS (tafiti za kaya na afya za aina hii) zenyewe hufuata utaratibu huo.

Vituo: ugonjwa usio na dalili

Uzito ukiwa umekaa sawa, bado kuna vituo. Wadadisi hawachagui watu mmojammoja nchi nzima. Wanachagua vijiji au mitaa, kisha kaya ndani yake. Watu wa kijiji kimoja hufanana: kisima kimoja, shule moja, mwenyekiti mmoja, mkutano mmoja uliofanyika au haukufanyika. Mtu wa ishirini kutoka kijiji kilekile anakuongezea taarifa ndogo kuliko mtu wa kwanza kutoka kijiji kipya. PSPP haina habari na hili. Haina sehemu ya sampuli changamano, wala kwenye menyu wala kwenye amri.

Turudi kwenye watu wetu 400, na tuseme walitoka vituo 20, watu 20 kila kimoja: vijiji 12 na mitaa 8. Athari ya muundo, yaani vituo vinapunguza nguvu ya sampuli mara ngapi, hukadiriwa kwa fomula fupi: 1 jumlisha (ukubwa wa kituo toa 1) mara kiwango cha kufanana ndani ya kituo. Kuhudhuria mkutano wa hadhara ni jambo ambalo watu wa kituo kimoja wanafanana, tuchukue 0.10. Hesabu: 1 + 19 × 0.10 = 2.9. Gawa 400 kwa 2.9 unapata kama 138. Hiyo ndiyo sampuli uliyonayo kweli kwa swali hili. Kai-mraba ya 8.70 ukiigawa kwa 2.9 inakuwa 3.0, na p inapanda kutoka 0.003 hadi karibu 0.083. Tofauti ya asilimia 15 iliyokuwa "yenye maana kitakwimu" imekosa ushahidi wa kutosha. Data ni zilezile na jedwali halijabadilika.

Kugawa hivyo ni makadirio ya mkono, yanafaa kukupa picha kabla ya kuandika hitimisho. Yakiwa ndiyo msingi wa hoja yako, hifadhi data kutoka PSPP kama .sav na uzipeleke kwenye R, programu nyingine ya takwimu, kwa kifurushi chake cha `survey` cha Thomas Lumley. Kwa data za DHS mistari inayohitajika ni michache:

`library(haven); library(survey)`
`d <- read_sav("wanawake.sav")`
`m <- svydesign(ids=~v021, strata=~v022, weights=~uzito, data=d, nest=TRUE)`
`svychisq(~v025+v106, m)`

`v021` ni kituo, `v022` ni tabaka, `v025` ni makazi ya mjini au kijijini, `v106` ni kiwango cha elimu. Ukitaka kuchambua kundi moja tu, mathalani wanawake walioolewa, usiwafute wengine kwenye faili, tumia `subset(m,...)` baada ya kutangaza muundo, la sivyo vituo ambavyo havikuwa na mtu wa kundi hilo vinapotea kwenye hesabu ya makosa.

Kwa hiyo tunachopendekeza ni kugawa kazi. Usafi, lebo, makundi ya umri, faharasa (alama moja inayojengwa na maswali kadhaa) na majedwali ya kuangalia, PSPP. Thamani za p na pambizo la makosa kwa sampuli ya vituo, R. Ikiwa sampuli yako ilichaguliwa moja kwa moja kutoka orodha, kama wafanyakazi 300 kutoka rejista ya halmashauri, huhitaji safari hiyo ya pili.

Faharasa, wastani na mengineyo

Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni barani Afrika, hutoa data zake bure kwa .sav (mshirika wake Tanzania ni taasisi ya utafiti ya REPOA), na ni uwanja mzuri wa kufanyia mazoezi. Chukua maswali matano ya umaskini wa maisha: katika mwaka uliopita, ni mara ngapi nyumbani kwako mlikosa chakula, maji safi, dawa au matibabu, nishati ya kupikia, na kipato cha fedha taslimu? Majibu yanaanzia 0, kamwe, hadi 4, kila wakati. Kodi za kukosa ni -1, 8 na 9: tatu kamili, zinatosha kwenye MISSING VALUES. Ukiziacha, mtu aliyejibu "sijui" anahesabiwa kuwa na shida kuliko aliyekosa chakula kila siku.

`COMPUTE umaskini = MEAN.4(chakula, maji, dawa, nishati, fedha).`

Ile `.4` inasema: kokotoa kama ana majibu halali manne au zaidi. Ukiandika MEAN tupu, aliyejibu swali moja tu naye anapewa alama. Ukijumlisha kwa alama ya +, aliyekosa jibu moja anafutwa kabisa. Kisha pima kama maswali yanakwenda pamoja kwa RELIABILITY yenye `/SUMMARY=TOTAL`. Jedwali la mwisho linaonyesha alfa, yaani kipimo hicho, itakuwa ngapi kila swali likiondolewa. Alfa ikitoka ndogo sana au hasi, usikimbilie kulaumu wahojiwa. Mara nyingi kuna swali lililoulizwa kinyume na hukuligeuza. Kwa kipimo cha 1 hadi 5, kugeuza ni `COMPUTE q3g = 6 - q3.`

Kipato ni habari nyingine. Wafanyabiashara watatu wakubwa kwenye sampuli wanatosha kuuvuta wastani mpaka usimwakilishe mtu yeyote. Omba mediani (thamani ya katikati) kwenye FREQUENCIES, na ukilinganisha makundi mawili tumia Mann-Whitney (jaribio lisilotegemea wastani) kwa NPAR TESTS badala ya jaribio la t.

Maswali ya kuchagua majibu mengi hayana jedwali la moja kwa moja kama la SPSS. Lakini Kobo hutoa kila jibu kama safu ya 0 na 1, na wastani wa 0 na 1 ni uwiano: endesha DESCRIPTIVES, soma 0.37 kama asilimia 37. Asilimia hizo zikijumlishwa zitapita 100 na ndivyo inavyotakiwa.

Isichokuwa nacho, na majirani zake

Regresheni ya kawaida na ya lojistiki ya majibu mawili zimo. Lojistiki ya viwango vilivyopangwa au ya makundi mengi haimo, wala uwekaji wa thamani zilizokosekana kwa njia ya marudio. Michoro ni ya kutazama tu: histogramu, pai, nguzo, huwezi kubadilisha rangi wala maandishi, kwa hiyo chora upya kwenye LibreOffice au Excel. Menyu za Kiswahili hakuna.

Jirani yake jamovi, nayo ya bure na imejengwa juu ya R, ina sura nzuri zaidi, inafungua .sav, na matokeo yanajisasisha ukibadilisha chochote. Kwa anayeanza kabisa na mwenye data safi, huenda ataipenda zaidi. Tunaipa PSPP nafasi ya mbele kwa sababu ya faili la amri. Kila dirisha la uchambuzi lina kitufe cha Paste kinachoandika amri badala ya kuitekeleza. Kitumie kila mara, hifadhi faili la .sps pamoja na data ghafi ambazo hazijaguswa, na uandike maelezo mstari unaoanza na nyota: kwa nini umeunganisha makundi haya, kwa nini umeondoa madodoso yale manne. Msimamizi akiuliza miezi mitatu baadaye namba ya Jedwali la 7 ilitoka wapi, unafungua faili na kubonyeza Run.

Matokeo yanatoka kwa PDF, HTML, CSV au ODT. Chukua ODT, inafunguka kwenye Word na majedwali yanabaki kuwa majedwali. Futa nusu ya safu kabla ya kuyaweka kwenye sura ya nne. Cumulative Percent kwa kigeu cha dini haina kazi yoyote.